Karatasi Mbili za Papa Laborantin

Majina ya batu bote ba ile hospitali ninayo mu kichwa mpaka leo. Docteur alikuwa Muhindo. Mupishi alikuwa Kavira, muke wa Kasereka mwenye muguu mufupi. Mulinzi wa muchana alikuwa Paluku, wa usiku Mbusa, na mbwa wa Mbusa ilikuwa inaitwa Ministre. Jina ya Laborantin, ule alikuwa anapima damu na mukojo, ninayo pia, mais hamutaisikia kwangu. Yeye mwenyewe aliniomba, mwanzo wa vita, tukiwa tumesimama karibu na robinet ya maji ya inje.

"Mama Kahindo, jina yangu inasema natoka wapi. Muniite tu kwa kazi yangu."

Alikuwa mutu wa Kikwit, mbali kabisa, upande ya Kinshasa. Serikali njo ilimutuma huku kwetu Butembo, kisha vita ikakata inchi vipande viwili, yeye akabakia upande huu, muke na batoto upande ule. Siku zile mutu akisikia jina ya kule anafikiri ni mupelelezi. Donc tulimuita Papa Laborantin, hata Docteur, hata bagonjwa. Nafikiri mwisho hata yeye mwenyewe alijiita vile.

Mimi nilikuwa mufagiaji wa laboratoire. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu primaire. Nilikuwa nafagia, naosha chupa, nachota maji, na kila kitu nilijua pale nilikijua kwa kumuangalia yeye.

Kila asubuhi alikuwa anapiga pasi blouse yake nyeupe ya kazi. Pasi ya makaa, nzito sawa jiwe ya kusagia. Mushahara ilikuwa haifiki tena, viatu vyake Paluku alivishona na waya, mais ile blouse ilikuwa nyeupe kupita kitambaa ya altare. Kavira alikuwa anamuchokoza akipita na sufuria.

"Papa Laborantin, unajipigia pasi ya kwenda wapi? Barabara imefungwa."

"Mama Kavira, siku itafunguka, sitaki inikute muchafu."

"Basi itakukuta muzee."

"Muzee safi," anajibu, anaendelea kupiga pasi.

Saa yake ya mukono hakuibadilisha hata siku moja. Iliachwa mu saa ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu lisaa limoja. Kazini alikuwa anafika kwa saa yetu, hakuchelewa kamwe, mais kula alikula kwa saa ya kwao. Sisi tukikaa kwa maharagi saa sita, yeye anasema kwao batu bangali kazini, anangojea. Chakula yake ilikuwa inapoa lisaa muzima juu ya meza, imefunikwa na sahani. Nikamuuliza siku moja kama hiyo si kujitesa. Akaniambia, "Nikikula nao pamoja, naona sura zao." Sikumuuliza tena.

Siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anapita mutaa ya Vulamba, anashuka mpaka fasi Papa Kambale mwenye ma-camion alikuwa ameyapanga. Camion kumi na moja, zimesimama tangu barabara ilikatika, majani imeanza kuota mu magurudumu. Upande ya Beni basoda ba kundi moja, upande ya Lubero basoda ba kundi ingine, na mu misitu bale hakuna mutu alijua ni ba nani. Butembo ilikuwa katikati sawa panya mu ndoo. Laborantin alikuwa anasalimia ba-chauffeur mumoja mumoja, anaangalia barabara, anarudi. Ba-chauffeur balikuwa banamuuliza, "Papa, unaona nini kule?" Anasema, "Naona barabara." Njo ilikuwa misa yake ya pili.

Yeye hakukuwa mutu wa kuamini neno ya mutu. Nikimuletea asali ya kutoka Kipese, ya kaka yangu Katembo, mutu mwenye hajawahi kudanganya hata kuku, Laborantin anachovya kijiti ya kibiriti mu asali anakiwasha na moto, aone kama ina maji. Docteur akisema mugonjwa eko na malaria, anasema, "Labda." Mais mutu uyu uyu alikuwa anaamini kama ukipiga muluzi mu laboratoire, chupa itapasuka. Alikuwa anakaripia kwa Lingala na kuomba musamaha kwa Swahili. Akisema "Yoka, mama," unajua umevunja kitu. Akisema "Mama Kahindo, nisamehe," unajua hasira imeisha.

Sasa niseme juu ya dawa, kwa sababu bila dawa huwezi kumuelewa.

Mutoto wangu Kahindo alikamatwa na ugonjwa wa sukari akiwa na miaka kumi na ine. Mu vita alikuwa kisichana, fundi wa kushona, anakaa na mashine yake mbele ya nyumba yetu. Mugonjwa wa namna ile, bila insuline, juma moja mbili hivi, amekwisha. Nilikamata ile kazi ya ufagio si kwa mushahara. Nilikamata ili nikuwe karibu na frigo, fasi dawa yake ilikuwa inakaa mu baridi. Kisha petrole ikaisha, frigo ikakufa. Ikabakia chupa tisa za insuline kwa bagonjwa bane. Niliziweka mu nyungu, nyungu ndani ya nyungu kubwa, muchanga ya maji katikati, kila asubuhi nazimwangia maji. Mais nani alijua kama dawa ingali muzima? Ile dawa ni nyeupe sawa maji, na mara nyingi ikikufa inabakia nyeupe sawa maji. Na dawa ya kupima mukojo ilikuwa imeisha, donc hatukuweza hata kuuliza mwili ya mugonjwa.

Laborantin akasema atapima dawa yenyewe. Alinieleza mimi, mufagiaji, na namna alinieleza sijasahau.

"Mama Kahindo, hii dawa ni kamba ya shanga. Ikiwa nzima, inafanya kazi. Joto inaweza kuikata, ao kubadilisha shanga moja. Kwa macho huwezi kuona. Lazima utafute namna ya kutenganisha nzima na ile imeharibika."

Alikuwa na namna mbili. Ya kwanza ni karatasi ya kunywa. Anakata karatasi ndefu, anatia tone ya dawa chini, anaitundika mu bocal kubwa, chupa ya mudomo mupana, ncha inagusa maji yenye kunuka siki. Maji inapanda polepole mu karatasi sawa mafuta mu utambi, inabeba dawa nayo. Kila kitu inafika fasi yake. Anaitoa, anachora mustari na crayon fasi maji ilifikia, anaitundika kwa kamba ikauke. Kisha anainyunyizia dawa ingine na kuipiga pasi, ile ile pasi ya blouse, na alama za zambarau zinatokea. Alama moja, dawa nzima. Alama nyingi, imekatika.

Ya pili ni karatasi ya batri. Aliomba Papa Kambale batri kumi za zile camion zimelala. Papa Kambale akasema, "Kamata, hata zenyewe zimechoka kukaa bure." Akazifunga moja kwa ingine, waya huku na huku, karatasi imelowa katikati, na dawa inatembea kwa nguvu ya batri, kila moja kufuatana na nguvu yake. Kisha anaitia mu rangi ya bluu nyeusi, anaiosha, mustari unabakia.

Nilimuuliza, kati ya mbili ni ipi ya kweli.

"Zote," akasema. "Ya kunywa inaona makombo. Ya batri inaona mukate. Makombo ni madogo, rangi ya bluu haiyakamati, inayaosha na maji. Lakini kama mukate umebadilika kidogo bila kumeguka, ya kunywa haitakuambia, ya batri itakuambia."

"Na kama hazisikilizane?"

"Mashahidi wawili bakikosana, uanze na ule anayekuletea habari mbaya."

Hiyo ilikuwa neno yake kwa kila kitu. Redio moja ikisema amani, ingine ikisema vita, anaamini vita. Na mara nyingi alikuwa na haki.

Alitafuta kwanza chupa iliyokufa kweli, ajue sura ya kifo. Infirmière mumoja, muuguzi wa Beni, Kyakimwa, alikuwa ameacha chupa chini ya mabati kiangazi kizima. Akaileta kwa muguu, ndani ya kitambaa ya kichwa, siku barabara ilipumua kidogo. Ile ya Beni kwa karatasi ya kunywa ilifanya alama nyingi, mukia muzima. Kwa karatasi ya batri ilivurugika sawa wino mu mvua. Kisha akapima ya kwetu, ya mu nyungu yangu.

Siku ile karatasi zilikuwa zimetundikwa kwa kamba, zinakauka. Mimi nafagia. Basoda balikuwa banapiga risasi kule chini ya mulima, si mbali, na dirisha ikatikisika. Karatasi moja, ya kunywa, ikaanguka. Alikuwa ameniambia mara nyingi, "Hapana kushika na mukono, shika na pince." Hakuniambia kwa nini. Pince, ile koleo yake ndogo, ilikuwa mbali juu ya meza, na karatasi ilikuwa chini, mu vumbi. Mimi nilifanya sawa vile mwanamuke wa kwetu anafanya akiona kitu ya mutu imeanguka. Nikaiokota na mikono, nikaipangusa na kitenge yangu, nikaitundika muzuri fasi yake. Nilikuwa nimetoka kumenya vitunguu kwa Kavira. Sikuona kama ni kitu.

Saa Laborantin aliipiga pasi, zambarau ikatokea nyingi. Karatasi ya batri ilikuwa na mustari moja tu, safi. Ya kunywa ilikuwa na alama ya dawa, na zingine ine tano, juu na pembeni. Aliangalia ile karatasi muda murefu. Akaenda nayo kwa dirisha, akarudi, akaenda tena. Kisha akasema, "Imekatika. Karibu nusu."

Moyo yangu ilinigusa. Mais nikasema ndani yangu, karatasi nilishika ilikuwa kavu, na mimi si dawa. Nikafunga kinywa. Kama ningesema, angenifukuza, na nikifukuzwa nani ataangalia nyungu? Nilikuwa nimefungiwa mule mule mu kimya yangu, na mulango niliufunga mwenyewe.

Docteur Muhindo alifanya mambo mawili. Aliandika barua kwa bakubwa, aombe ndege ya misaada ilete insuline mupya kutoka Kinshasa. Na sababu batahitaji mushahidi, Laborantin njo angeenda na ile ndege mpaka Kinshasa, na karatasi zake, aeleze. Jambo la pili, dawa ikiwa nusu, dose ya sindano lazima iongezwe. Alisema baanze na mugonjwa mumoja kwanza, siku mbili, baone. Bakachagua Kahindo, kwa sababu mama yake eko karibu.

Asubuhi akapigwa sindano mupya. Kahindo alikuwa mutoto wa mudomo. Alimuangalia Laborantin akasema, "Papa, leo karatasi inasema niko muzima ao nimekufa?"

"Inasema unasema mingi."

"Basi iko muzuri, hiyo karatasi inanijua."

Saa tano ya muchana Mama Kavugho jirani alikuja mbiombio hospitali, viatu mu mukono. Kahindo alikuwa ameanguka juu ya mashine yake, sindano ya mashine imemutoboa kidole na hasikii. Jasho sawa ametolewa mu muto. Anasema maneno haina kichwa, anamuita baba yake, na baba yake alikufa zamani. Docteur, tulikimbia naye mpaka nyumbani, akasema, "Sukari imeshuka, dawa ni nyingi." Sukari haikukuwa mu nyumba yoyote ya ile mutaa. Mama Kavugho akakimbia kuleta asali, nikaipaka mu fizi zake na kidole, yeye ananiuma, napaka tena. Alifungua macho akaniuliza kwa nini ninamulisha sawa mutoto muchanga.

Dawa yote ilikuwa nzima. Nyungu yangu ilikuwa imeilinda. Dose ikarudishwa.

Kesho yake Laborantin aliniita. Karatasi mupya juu ya meza, nyeupe, haina dawa hata tone moja.

"Mama Kahindo, shika."

Nilijua. Nikashika. Akanyunyizia, akapiga pasi mbele yangu, na vidole vyangu vikatokea, vitano, zambarau, na mistari yao yote. Jasho ya mutu ina makombo pia, akaniambia. Nilingojea "Yoka, mama." Haikukuja. Akakamata registre, kitabu ya kazi, akaandika, akanisomea: kosa ni ya laborantin. Akatia sahihi.

Docteur akasoma. Barua ya ndege ikarudishwa, kwa sababu hakukuwa tena haja ya ndege. Laborantin akaondolewa mu laboratoire, akatumwa kwa poste moja ndogo ya afya kule Beni, kupima mavi ya batoto na malaria. Basoda bakakuja kukamata batri za Papa Kambale. Mimi nikabakia na ufagio, na Kahindo akabakia na uzima.

Miaka mingi nilibeba hii: ule mutu alinificha. Alikamata kosa yangu akaitia jina yake, ile jina hakutaka isemwe. Ma-camion zilianza kutembea tena, vita ikabadilisha jina mara tatu, na mimi sikuwa na nguvu ya kwenda Beni kumuangalia mu macho.

Nilienda mwisho nikiwa muzee. Kahindo alinisindikiza, yeye mwenyewe sasa mama wa batoto wawili. Tulimukuta Beu, mutaa moja ya Beni, nyumba ya mbao nyuma ya soko, amekonda, blouse imetundikwa kwa musumari. Barabara ilikuwa wazi zamani na hakurudi kwao. Muke wake aliolewa na mutu mwingine, alituambia vile vile, bila kushusha sauti, akituletea viti.

Nikasema kitu ilinileta. Kwamba nilishika karatasi, hiyo alijua. Mais kwamba siku alisema imekatika, mimi nilikumbuka vidole vyangu, nikanyamaza, na mbele ya ile sindano ningeweza kusema. Nikasema, "Ulijitia kosa yangu, Papa. Nimekuja kuikamata."

Papa Laborantin akachukua kijiti akachora chini, mu vumbi, karatasi ndefu, na mustari juu yake.

"Maji ilifika hapa," akasema. "Alama mbili za vidole vyako zilikuwa juu ya mustari. Hapa. Dawa haiwezi kutembea fasi maji haikufika. Laborantin wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi niliona ile siku, kwa dirisha."

"Uliona nini?" Kahindo akauliza.

"Niliona ni mikono ya mutu. Na niliona ile ndege ya Kinshasa."

Inje mwanamuke alikuwa anauzisha makaa, anaita bei.

"Nilifikiri Docteur ataandika barua tu," akasema. "Sikufikiri sindano. Saa baliongeza dose, nikajiambia, kesho nitasema. Mama Kahindo, niliandika kosa ni yangu kwa sababu ilikuwa yangu. Sikukuficha."

Nilitafuta hasira na nikaipata, iko muzima, sawa haijapita mwaka. Nilitafuta pia neno ya kumuambia, na kila neno niliokota ilikuwa ya kunihukumu mimi pia. Nilibakia na mikono mu kitenge.

Kahindo njo alisimama. Ilikuwa saa yake ya sindano. Akafungua sakoshi, akatoa chupa yake, tulisafiri nayo toka asubuhi mu joto ya Beni. Akaiweka mu mukono ya Papa Laborantin.

"Angalia. Iko muzima?"

Akaiinua kwa mwangaza ya mulango. Aligeuza chupa polepole, akaangalia chini yake, akaangalia tena, muda murefu kupita ule wa dirisha.

"Sijui," akasema. "Kwa macho, sijui."

"Asante," Kahindo akasema. Akaikamata, akavuta dose yake ya kila siku, akajipiga sindano pale pale mbele yetu, kisha akamuuliza Papa kama kuna chakula, tukule pamoja.